Fairuz wa Kina Nani

Bi Khairunisa alikuwa na maradhi ya kuuliza. Ukimletea kuku atakuuliza umemnunua wapi, na muuzaji mkewe mtu wa wapi, na ikiwa wameachana, basi nani kamwacha mwenzake. Mlinzi wa jengo lao pale Karama, Dubai, Mpakistani wa watu, alikwishazoea kumweleza habari za nyati wa baba yake kila asubuhi kabla lifti haijashuka. Kwa hiyo ni ajabu kubwa kwamba mwanamke huyu, kwa miaka miwili mizima, aliletewa habari za Fairuz jikoni kwake na hakuuliza hata mara moja Fairuz ni nani.

Aliyezileta ni Sufyan, mtoto wa kaka yake. Kijana alikuwa akitandika vitanda vya marubani katika hoteli moja ya Garhoud, na akirudi hukaa juu ya ndoo ya mchele, akamenya vitunguu na kusimulia. Fairuz kanichekesha leo. Fairuz anaumwa jino, shangazi, tangu jana hajala. Fairuz kanunua viatu vinambana, anatembea kama bata. Na Kiswahili, Mungu akizidishie baraka, hakina uchokozi. Kala, kalala, kalia. Mwanamke kalia, mwanamume kalia, neno ni lile lile na halimfunui mtu. Sufyan hakusema uongo siku yoyote. Bi Khairunisa ndiye aliyejijazia mwenyewe: binti mwembamba, mcheshi, wa Tanga, miguu mikubwa. Akampenda, akawa anamwita mkwe kimoyomoyo huku anakoroga mchuzi.

Halafu hoteli ikapunguza watu, Fairuz akarudishwa Tanga. Vitunguu vikakosa mmenyaji. Sufyan akawa anakaa dirishani akitazama mapipa ya taka, kaziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia, anarudia ujumbe mmoja wa sauti mpaka midomo yake inausema pamoja nao. Bi Khairunisa aliwahi kuwa na hamu na mtu ujanani mwake. Akiiona, anaijua.

Akaamua kuitibu. Akampelekea kaka yake Mohdhar, kule Unguja, ujumbe wa furaha: mwanao kapata mtu, wa Tanga, jina lake Fairuz, tayarisha posa.

Mohdhar akajibu kwa maneno manne, maana hata maneno yeye huyabania: "Fairuz wa kina nani?"

Hapo ndipo Bi Khairunisa alipotanabahi kwamba hajui.

*

Ijumaa ile walikuwa wanne kwenye sinia. Katika fleti yao wanaume walilala chumba kikubwa: Sufyan, Josephat wa Bukoba, aliyekuwa akilinda ghala huko Jebel Ali, na Wahid wa Mombasa, aliyekuwa dereva wa basi la wafanyakazi pale pale hotelini kwa Sufyan, naye akapunguzwa, sasa anabahatisha vibarua bandarini. Wa nne alikuwa binamu yake Wahid, mgeni wa siku hiyo, ambaye alikuja kwa ajili ya biriani na hakusema neno. Bi Khairunisa na rafiki yake Kuruthum, mpakaji wa hina, wao chumba chao kidogo na sinia lao dogo mlangoni mwa jiko, mahali pazuri pa kusikilizia.

"Wahid," aliita Bi Khairunisa, mkono una wali, "wewe ulikuwa ukiwabeba wafanyakazi wote wa pale. Fairuz wa Tanga unamjua?"

"Fairuz wa kufua mashuka? Namjua sana."

Mkono wa Sufyan ulisimama katikati ya sinia.

"Haya niambie basi, mwanangu. Wa kina nani? Mzuri?"

Wahid akamtazama Bi Khairunisa, akamtazama Sufyan, akarudi kwa Bi Khairunisa. Kicheko kilimtoka na punje mbili tatu za wali.

"Mzuri kwa nani, bi mkubwa? Fairuz ana ndevu mpaka hapa! Lile jamaa likibeba mzigo wa mashuka, mzigo ndio unaoomba msaada. Sisi tulikuwa tukimwita Bondia."

Kiyoyozi kikanguruma peke yake.

"Labda Fairuz mwingine," alisema Josephat, ambaye hapendi ugomvi kwenye chakula.

"Mwingine nani? Fairuz wa Tanga ni mmoja. Ati mkwe! Bi mkubwa, umechezwa, wallahi. Muulize mwenyewe huyu, si ndiye mwenye mchumba?"

Sufyan akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akanawa, akaingia chumbani. Wali wake wa mwisho ulibaki ukingoni mwa sinia, tonge lililofinyangwa vizuri lisilo na mwenyewe.

Bi Khairunisa, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa swali.

*

Tangu siku ile Wahid alipata kazi ya kudumu. Sufyan akitoka kuoga, Wahid anapiga vigelegele. Akivaa viatu, "Bibi harusi huyo anatoka, mpisheni!" Alilivuta godoro lake mpaka ukutani kabisa, akasema hewa ya upande ule ina homa. Sabuni ya Sufyan ilikutwa kwenye pipa la taka, imefungwa kwa karatasi ya chooni kama maiti. Josephat hakufanya lolote, alicheka tu, tena kwa pua. Lakini aliyetupiwa jiwe hapati nafuu kwa kuwa mwingine alilishangilia tu.

Zaidi ya mizaha lilikuwapo neno. Wahid alilisema anapochana nywele, bila kugeuka: "Mimi nikishuka hapa chini nikamnong'oneza askari jina moja, khalas. Kuna mtu atakula pingu kwanza, ndege baadaye. Nchi hii haina mchezo na mambo hayo." Na hilo halikuwa la kutisha mtoto. Kila mtu katika fleti alijua kwamba linawezekana.

Sufyan akaanza kujipunguza. Alinyoa nywele zake nzuri zikaisha. Alikuwa na kicheko cha juu, cha kupasuka, akakiua. Akajifunza kusema kwa sauti nzito, ya kukwaruza, kama mtu aliyeazima koo. Akawa anaoga kazini, na wali anauacha.

Bi Khairunisa alimtetea kwa silaha aliyoizoea. "Wahid, kwa vigelegele hivyo utaolewa wewe kabla yake!" Nyumba nzima ikacheka, Wahid mwenyewe akacheka. Akaingia jikoni kajisifu. Hakuona kwamba Sufyan alikuwa ameinamisha kichwa chini zaidi.

Asubuhi moja Kuruthum alimkuta kasimama mbele ya chai inayofurika.

"Shoga, chai yako inazima moto."

Bi Khairunisa akaruka. "Usiniite hivyo!"

"Nikuite nani? Miaka kumi na tano nakuita hivyo."

"Wahid analiandika neno hilo kwenye kioo cha bafuni, kwa dawa ya meno. Kila siku nalifuta."

Kuruthum akazima jiko. Neno waliloitana kwa mapenzi tangu nywele zao nyeusi, sasa lilikaa kati yao kama glasi iliyovunjika, hakuna wa kuliokota.

"Na kaka yako?"

Bi Khairunisa akamsikilizisha ujumbe. Sauti ya Mohdhar ilikuwa kavu. "Nimeuliza watu wa Tanga. Sitaki maelezo. Mtoe humo ndani, na akija huku asikanyage kwangu. Mimi mtoto huyo sina."

"Utamtoa?"

"Nimetoa nani mimi? Hata kombamwiko humu wanaishi kwa raha zao." Lakini hayo yalikuwa ya mdomoni. Aliogopa polisi, aliogopa kaka, aliogopa majirani wa Unguja ambao hawajapanda ndege lakini midomo yao inafika Dubai mapema kuliko abiria.

*

Ijumaa iliyofuata Wahid alikuja kukaa na sahani mkononi.

"Sahani ya nini? Umekuwa mzungu leo?"

"Sinia moja na huyu, mimi sili."

Josephat naye akafunua ubavuni sahani aliyoificha. "Mimi, bi mkubwa, ni kwa ajili ya tumbo tu. Linanisumbua kidogo."

Wakakaa wote wawili mbali, ukutani, sahani tupu magotini, wakingoja. Sinia la watu watatu likabaki na Sufyan peke yake. Mvuke ulimpiga usoni. Alikuwa mdogo mbele ya biriani ile, akiwa hajui kama anyooshe mkono au aurudishe mfukoni.

Bi Khairunisa alisimama na upawa. Moyo ukamwambia jambo moja, woga jingine, na mikono ikaufuata woga kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Akaingia jikoni, akachukua sahani ya kwanza aliyoigusa, akapakua, akaiweka mbele ya Sufyan. Sinia akalisukuma kwa wenziwe.

"Wewe kula hapa, mwanangu. Upate nafasi."

Sufyan akaitazama sahani. Ilikuwa ya plastiki, ya manjano, imetafunwa ukingo. Ndiyo aliyokuwa akimwekea maziwa paka wa ngazini.

"Ahsante, shangazi," akasema, kwa ile sauti yake halisi, nyembamba.

Akanyanyuka, akavaa sare, akatoka. Chakula hakikuguswa. Hakurudi usiku ule wala kesho yake, na simu yake ikawa haipatikani.

*

Jumapili Bi Khairunisa akavaa baibui na kumburuta Kuruthum mpaka Garhoud. Jua lilikuwa limekaa juu ya lami kama pasi. Njiani alisema peke yake, jambo la kawaida, lakini alijisemea bila mzaha hata mmoja, jambo lililomtisha Kuruthum.

"Angeniambia. Miaka miwili! Si angeniambia tu?"

Kuruthum akasimama kwenye kivuli cha nguzo. "Nikuambie kitu? Wewe ukinunua papai unamuuliza muuzaji shamba la nani. Mtoto anakutajia Fairuz asubuhi na jioni, na hujauliza baba yake nani, wala picha hukuomba? Wewe, Khairunisa?"

Bi Khairunisa akafungua kinywa.

"Ulijua," alisema Kuruthum. "Labda hukujua kichwani, lakini ulijua. Ndiyo maana hukuuliza. Na alipokuwa hajaulizwa alikuwa na raha. Kisha siku moja ukaamua kuuliza, tena ukamuuliza Wahid."

Bi Khairunisa akavuta baibui, akatangulia mpaka nyuma ya hoteli.

Sufyan alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, karibu na mlango wa kufulia, mahali ambapo hewa ya moto yenye harufu ya sabuni hutoka ukutani. Alipowaona alisimama kwa adabu. Macho yalikuwa yameingia ndani. Kuruthum akasema anakwenda kutafuta maji, naye hakuwa na kiu.

"Unalala wapi?"

"Stoo ya mashuka. Msimamizi anajifanya haoni." Akageukia mlango wa kufulia. "Nimeomba ofisini wanifungie kazi, shangazi. Wanikatie tiketi."

"Uende wapi? Baba yako..."

"Najua alichosema baba. Amenitumia na mimi."

"Sasa utashukia kwa nani?"

"Nitashuka tu."

Alivyolisema neno hilo, Bi Khairunisa akahisi baridi katika joto lile. Akamshika mkono. "Sufyan. Nitazame."

"Juzi nilipanda juu ya paa nipate mtandao," alisema kijana, akitazama viatu vyake. "Nikakaa pale ukingoni. Magari chini madogo, mazuri, kama ya kuchezea. Nikakaa sana. Nilifikiri, hapa Wahid hanifikii, wala baba."

"Kisha?"

"Kisha zamu yangu ikafika. Nikashuka kwa ngazi."

Mwanamke aliyekuwa na la kusema kwa kila msiba alikaa chini, sakafuni, baibui lake jipya likafuta vumbi la Garhoud. Alilia bila kupangusa.

"Ile sahani," akasema mwisho.

"Ilikuwa ya paka, shangazi."

"Nilikuwa nimeiosha."

"Najua. Wewe ni msafi."

Kitu kilipita usoni mwa Sufyan, karibu kiwe kile kicheko chake cha zamani, kikakosa nguvu ya kufika. Mashine zilizunguka nyuma ya ukuta.

"Mimi ndiye niliyekuweka wazi," alisema Bi Khairunisa. "Nilidhani naposa. Sasa wewe niambie, unataka nini? Usinipe jibu la kunifurahisha. Nimefurahishwa vya kutosha miaka miwili."

Sufyan alifikiri sana, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hakijawahi kuuzwa.

"Nataka kukaa jikoni kwako," alisema. "Nimenye vitunguu, nimtaje. Basi. Nina hamu naye mpaka kifua kinauma, na hamu yenyewe sina pa kuiweka. Hata jina sina pa kulitaja."

*

Walirudi Karama watatu. Wahid alikuwa amelala chali, miguu juu ya godoro la Sufyan.

"Heee! Bibi harusi karudi kutoka fungate!"

"Wahid, mwanangu," alisema Bi Khairunisa kwa utamu ambao Kuruthum aliujua, akarudi nyuma hatua moja, "kusanya vitu vyako."

"Mimi? Nimekosa nini mimi? Huyu ndiye..." Akakaa. "Sawa. Nikishuka hapa, bi mkubwa, nakwenda moja kwa moja kwa askari. Usije kusema sikukwambia."

"Nenda. Tena usichelewe, wanafunga." Akavuta kiti akakaa, magoti yakimuuma. "Lakini umweleze vizuri. Mwambie umetoka fleti ambayo wanawake wawili wanaishi na wanaume ambao si ndugu zao wala waume zao. Atauliza mkataba uko wapi. Mwambie Bi Khairunisa anakodisha kwa mlango wa nyuma. Nitafungwa, na uzee huu nitapumzika kupika. Kisha atakuomba karatasi zako wewe. Viza yako ya matembezi iliisha lini? Ramadhani? Unamtembelea nani tangu Ramadhani, Wahid, sisi hatumjui?"

Wahid akaiondoa miguu yake juu ya godoro la Sufyan.

"Sote humu tumeficha kitu," alisema Bi Khairunisa, na utamu ukamtoka. "Mimi nimekuhifadhi wewe, nikakulisha, sikukuuliza. Hukuona kwamba na wewe unaishi kwa sababu watu hawakutaji? Ulitaka kumuua huyu mtoto kwa mchezo. Yalla. Ondoka."

Alijua kabisa kwamba mtu mwenye hasira haogopi karatasi, na kwamba Wahid angeweza kushuka na kuwazamisha wote. Alikuwa akicheza kamari na alichokuwa nacho.

Wahid alifunga begi. Mlangoni akamtazama Sufyan, akalitweka begi begani. Ngazi zikapokea miguu yake.

Josephat alikuwa amesimama karibu na kabati, mkubwa, hajui aweke wapi mikono.

"Na wewe tumbo linaendeleaje?" aliuliza Bi Khairunisa.

"Limepona, bi mkubwa." Akageuka. "Sufyan, mimi nilicheka. Nilicheka ili asinigeukie mimi."

Halikuwa jambo la kujibiwa siku ile. Sufyan akainama akalipangusa godoro lake.

*

Askari hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Kila viatu vikisikika ngazini watu wa fleti walishusha vijiko, kisha wakavinyanyua. Godoro la Wahid lilibaki tupu na mwezi ule kodi ikawa ya kubanabana. Kuruthum akapaka hina mpaka vidole vikafa ganzi. Mohdhar hakupiga. Bi Khairunisa alimwandikia kwamba mtoto anakula vizuri, na ikiwa yeye mtoto hana, basi shangazi anaye. Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja, na kila asubuhi Sufyan alitazama simu kabla ya kunawa uso.

Mchana mmoja alikaa juu ya ndoo ya mchele, akachukua kisu, akaanza kumenya. Bi Khairunisa akangoja. Akaona akingoja sana atazeeka.

"Haya. Fairuz wa kina nani?"

Kisu kikasimama. "Baba yake anatengeneza baiskeli, Ngamiani. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo."

"Kalelewa na nani?"

"Bibi."

"Sasa yuko wapi?"

"Sijui, shangazi. Nilimwambia asinitumie kitu tena. Nilimwogopea. Nilijiogopea na mimi. Tangu ile Ijumaa sijaisikia sauti yake." Machozi yalikuwa ya vitunguu, au Bi Khairunisa alikubali kwamba ni ya vitunguu.

"Lete simu."

"Utamwambia nini?"

"Nitajua nikifika."

Akashikishwa, akaonyeshwa pa kubonyeza. Akasafisha koo kama anayehutubia harusi. "Fairuz. Mimi ni shangazi yake Sufyan. Sufyan yupo hapa, mzima, anamenya vitunguu vibaya, anaacha maganda. Basi. Nilitaka ujue kwamba yupo."

Wakakaa. Mafuta yakapoa kwenye sufuria. Kuruthum alipita, akawatazama, akapita tena. Mwisho simu ikalia ule mlio wake mdogo na Sufyan hakuweza kuigusa, ikabidi Bi Khairunisa abonyeze mwenyewe.

Kwanza ilisikika kengele ya baiskeli, na mtu akipigilia chuma. Kisha pumzi. Kisha sauti nzito kabisa, ya mtu mkubwa aliyekuwa akijitahidi isimpasuke:

"Shikamoo..."

Ikakatika hapo. Hakujua amwite nani.

"Marahaba," alijibu Bi Khairunisa papo hapo.

"Hujabonyeza, shangazi," alisema Sufyan. "Hakusikii."

"Kwani yuko mbali kiasi gani?"

"Mbali."

Bi Khairunisa akabonyeza. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Unakuja lini?"

Sufyan aligeuza uso ukutani, kisu mkononi, na jikoni hakuna aliyethubutu kumsaidia Fairuz kujibu.